Mrejesho: Idhini ya kuruka kwa vyombo nimeipata

Ndugu zangu, niliwauliza kama rubani binafsi hapa Uganda, asiyetafuta ajira angani, ana haja ya kusomea idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma vipimo vya ndani pale nje hakuonekani. Wengi mlinihimiza. Nimesoma, nimefanya mtihani, nimefaulu. Asanteni sana.

Kwa anayefikiria: viwango vya kimataifa vinataka saa 50 za safari ukiwa rubani mkuu, na saa 40 za kuruka kwa vyombo, baadhi zikiruhusiwa kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji. Gharama ni kubwa, jipangeni mapema.

Kazi kubwa ilikuwa kupambana na sikio, maana sikio la ndani ndilo linaloupa mwili hisia ya mizani, na angani hudanganya. Umevaa kikinga macho, nje huoni kitu, ndege inalala kushoto polepole na mwili haujui. Ukiinyoosha, mwili mzima unakuambia sasa umelalia kulia! Mwalimu alikuwa akirudia, "Macho kwenye vyombo, ndugu yangu, sikio liache." Kumtii kulinichukua muda mrefu kuliko hesabu zote za darasani.

Na Ziwa Victoria si la kuchezea. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, mawingu ya radi yanajijenga, na kuna alfajiri Entebbe inaamka imefunikwa. Hapo ndipo nilipoipenda ILS, mfumo wa redio unaoongoza ndege kutua, ya njia ya kurukia namba 17: unashuka mteremko wa digrii 3, unazishikilia katikati alama mbili za kwenye kipimo, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini, mpaka taa zinajitokeza mbele yako.

Mlionionya kuhusu radi, nimewasikia. Idhini ninayo, lakini wingu la radi bado nalizunguka kwa mbali au naahirisha safari.