Mrejesho: Gharama za chakula zimepungua

Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu nilipouliza namna ya kupunguza gharama za chakula cha familia hapa Dar es Salaam. Ushauri uliotufaa zaidi ni kuacha kununua mafuta ya kupimiwa na unga wa nusu kilo dukani kila jioni, kwa kuwa bei ya vipimo vidogo, ukiijumlisha, huzidi ya dumu au mfuko mzima. Sasa mchele na maharage tunanunua sokoni Tandale pamoja na jirani, kisha tunagawana mzigo kwa mizani na kuchangia nauli ya bajaji. Kwenda na orodha nako kumesaidia. Nyanya ninaendelea kununua gengeni kidogo kidogo, maana huoza upesi. Fedha inayobaki inanunua samaki na matunda ya watoto.