Mrejesho: mke wangu aliyebadilika baada ya kujifungua

Wakuu, asanteni sana. Niliwauliza kuhusu mke wangu: mtoto akilala yeye yuko macho, analia bila sababu, na siku moja akaniambia mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye. Mama yangu alitaka tumpeleke Magu kwa mganga.

Nilimsikiliza yule dada nesi aliyenijibu hapa: majonzi ya kawaida baada ya uzazi huisha ndani ya wiki 2 hivi, yakizidi hapo nenda kwa daktari, na akitaja kufa usisubiri. Zahanati ya kwanza walimpima mtoto uzito, wakasema mama kachoka tu. Tukapanda daladala hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, idara ya magonjwa ya akili. Huko akaulizwa maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, likiwemo la kujidhuru. Alilia, ila alijibu yote.

Kaanzishiwa sertralini, dawa ya sonona, ambayo daktari alisema anaweza kuitumia huku ananyonyesha, pamoja na ushauri nasaha. Mwanzoni ilikuwa kichefuchefu tu, nafuu hakuna. Aliyenionya kwamba dawa hizi huchukua wiki kadhaa, Mungu akubariki, bila wewe tungeziacha.

Kilichosaidia kuliko nilivyodhani ni usingizi: mdogo wake amekuja kutoka Sengerema, usiku anashika mtoto. Kwenda kikundi cha kina mama kumeshindikana, mke wangu hataki kabisa. Mama yangu naye hajakubali kuwa huu ni ugonjwa, ila uji wa ulezi anapika na maneno kapunguza.

Siku nzito bado zipo. Dawa haachi mpaka daktari aseme.