Uliyepaka tretinoini au adapalini kwa ajili ya chunusi, tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliotumia dawa za kupaka za jamii ya retinoidi kwa chunusi: tretinoini, adapalini, zile za kwenye tyubu ndogo ambazo ukipewa unaambiwa "paka usiku" basi. Mdogo wangu wa kike ameandikiwa tretinoini wiki iliyopita, na maelezo aliyoondoka nayo dirishani ni hayo maneno mawili. Mimi nilipopewa yangu mwaka 2019 niliambiwa hayo hayo, na gharama yake niliilipa usoni.

Nilikuwa na chunusi za mashavuni na kidevuni, zile za ndani zinazouma hata mto ukigusa, na kila moja ikiondoka inaacha doa jeusi. Daktari akaandika tretinoini 0.025%. Usiku wa kwanza nilipaka kama ninavyopaka losheni, uso mzima mpaka chini ya macho. Usiku wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Siku ya nne asubuhi nilinawa kwa maji matupu, uso ukawaka kana kwamba nimenawa kwa maji ya pilipili. Pembe za mdomo zilipasuka, pua ikawa inabanduka magamba, mashavu yakaiva. Nikaacha. Weusi wa kule kubabuka ulikaa miezi mitano, kuliko hata madoa ya chunusi zenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi hapo ndipo tunapoumizwa: ngozi ikiungua kidogo tu inaacha alama, kwa hiyo kwetu kwenda taratibu ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa daktari mwingine. Huyu alifungua tyubu palepale, akakamua juu ya ncha ya kidole changu kiasi cha punje moja ya njegere, akasema, "Hii ni ya uso mzima." Nukta moja kwenye paji, moja kila shavu, moja ya pua, moja ya kidevu, halafu usambaze. Usiku mbili tu kwa wiki, ngozi ikiwa imekauka kabisa, na losheni ya kawaida itangulie. Dawa ile ile, asilimia ile ile. Mwezi wa nne shangazi aliniuliza siku hizi nakula nini.

Tuelezane: ulianzaje, ulivumilia wiki ngapi, na ulipokosea ulikosea wapi.

Mdau, Tanga

Dada, umenikumbusha mbali. Yangu ilikuwa adapalini 0.1%. Wiki mbili za mwanzo kimya, ya tatu chunusi zikatoka kwa fujo, hata mahali ambapo sijawahi kuwa nazo. Nilipiga simu kliniki nikilia. Nesi akanieleza kwa upole kwamba dawa inaharakisha ngozi kujibadilisha, kwa hiyo vile vinundu vilivyokuwa vimejificha chini vinasukumwa juu vyote kwa mkupuo. Akasema nihesabu wiki kumi na mbili ndipo niamue.

Kilichonisumbua zaidi ni nyumbani. Mama aliponiona nabanduka alisema neno moja tu: mkorogo. Sikuwa na la kumjibu akaelewa. Nikawa naificha tyubu kwenye mfuko wa shule wa mdogo wangu kama mtu aliyeiba. Wiki ya tisa ngozi ilianza kutulia, na hapo mama mwenyewe akaja kuuliza hiyo dawa inaitwaje.

Mleta mada

Hapo kwenye mkorogo naomba nikae kidogo, maana ndipo watu wanapoharibikiwa. Retinoidi yenyewe si dawa ya kuchubua. Inazibua vinyweleo na kutuliza uvimbe, na madoa yanafifia kwa sababu ngozi inajibadilisha haraka zaidi. Lakini kuna krimu nyingine zinazochanganya tretinoini na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, pamoja na steroidi, dawa ya kuzima uvimbe. Mchanganyiko huo una historia yake: Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyekuwa mstari wa mbele kuitumia tretinoini kwa chunusi miaka ya 1960, ndiye pamoja na mwenzake waliotangaza fomula ya namna hiyo mwaka 1975 kwa ajili ya madoa. Ni dawa ya muda mfupi, daktari akiwa anakuangalia. Huku kwetu mtu anauziwa krimu za aina hiyo dukani kama mafuta ya kung'arisha.

Kwa hiyo soma boksi. Ukiona "clobetasol" au "betamethasone", hiyo ni steroidi kali. Usoni chunusi zitazimika ndani ya siku chache na utafurahi sana, kisha ngozi itakuwa nyembamba, na ukiiacha tu vipele vitarudi kwa hasira. Rafiki yangu wa karibu amepitia hayo. Mpaka leo akisogea kwenye jiko la mkaa uso unamwasha.

Mdau, Mombasa

Mie nina kisa cha singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi. Nilikuwa napaka adapalini usiku kwa miezi mitatu, uso umetulia, na harusi yangu imebaki siku nne. Somo yangu, kungwi wangu, akaja na singo yake, marashi, karafuu, na mikono yenye nguvu. Nikaona haya kumwambia kwamba natumia dawa. Aliponisugua mashavuni nilihisi kama nasuguliwa kwa msasa, nikanyamaza, nikidhani ndivyo bibi harusi anavyotakiwa kuvumilia. Aliponiosha, ngozi ya juu imetoka na maji, mashavu yote mawili yamebaki mekundu na yanatoa majimaji.

Somo alilia kuliko mimi, wallahi. Siku ya harusi nilipambwa juu ya vidonda, na kwenye picha naonekana vizuri, lakini mie najua nilivyokuwa nikisikia chini ya ule urembo. Mabibi harusi, mwambieni somo mapema, mwili usingwe na uso uachwe. Kwa nyusi vilevile: ukitaka kutolewa kwa nta, dawa iachwe kama wiki moja kabla.

Mdau, Mwanza

Mimi ni mwanaume, naendesha bodaboda. Vipele vya ndevu shingoni na chunusi za kidevu pale mkanda wa kofia unapokaa. Niliandikiwa tretinoini nikaipaka vizuri tu, usiku, kidogo. Kosa langu lilikuwa mchana. Niliambiwa nitumie losheni ya kukinga jua, yenye kipimo cha kinga SPF 30 kwenda juu, nikaona hiyo si yangu. Nilijua losheni ile ni ya ndugu zetu wenye ualbino, ile Kilisun inayotengenezwa pale hospitali ya KCMC Moshi. Jua la saa saba barabarani likanipiga wiki mbili, uso ukawa na rangi mbili, juu ya miwani na chini ya miwani. Sasa napaka kila asubuhi kabla sijawasha pikipiki. Na kinyozi wangu nilimkataza ile spiriti anayomwagia watu baada ya kunyoa. Vipele vimepungua kiasi kwamba sasa naweza kulalia upande wowote.

Mdau, Nairobi

Kwangu mashavu yalipona, paji la uso likakataa miezi minne. Msusi ndiye aliyenigundua: mafuta ya nywele na ile jeli ya kulaza nywele za mbele, vyote vinashuka usiku. Nilipoacha, paji likasafika kwa mwezi mmoja na nusu.

Mdau, Arusha

Naandika hili kwa ajili ya dada zangu. Dada yangu anaishi Marekani, kule adapalini 0.1% inauzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016, akanitumia tyubu mbili. Nilipaka wiki sita, inafanya kazi vizuri. Wiki ya saba nikagundua nina mimba.

Usiku ule niliingia mtandaoni nikasoma kuhusu retinoidi na watoto wanaozaliwa na kasoro za moyo na za ubongo. Sikulala. Nilikaa kitandani nimeshika tumbo ambalo hata halijaonekana, nawaza nimemfanya nini mtoto wangu kwa sababu ya chunusi. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitenganishia mambo mawili. Niliyoyasoma ni ya isotretinoini, vidonge vya kumeza, na hivyo kweli ni hatari kubwa kwa mimba. Ya kupaka inayoingia mwilini ni kidogo mno. Pamoja na hayo haishauriwi kwa mjamzito, kwa hiyo niache siku ile ile, na akaniandikia asidi ya azeleiki ambayo mjamzito anaruhusiwa.

Mwanangu ana miaka miwili sasa, anakimbia. Ila zile saa nane za usiku sitaki dada mwingine azipitie. Ukijua unatafuta mtoto, mwambie daktari kabla hujafungua tyubu.

Mdau, Dodoma

Wakuu, mimi nina swali. Chunusi zangu ni mgongoni, vinundu vikubwa vyenye usaha. Nimepaka adapalini miezi mitano, sioni mabadiliko. Niongeze kiasi?

Mdau, Tanga

Kaka, usiongeze, utajibabua bure. Za mgongoni za aina hiyo krimu peke yake mara nyingi haitoshi. Mume wangu alikuwa kama wewe, akaongezewa doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, kwa miezi mitatu pamoja na benzoili peroksaidi ya kuogea, dawa ya kuua bakteria wa chunusi. Hiyo benzoili ukitumia na adapalini haina tatizo, ila tretinoini nyingi zinaharibika zikikutana nayo, kwa hiyo uliza kwanza. Halafu inafifisha rangi ya nguo, tenga taulo lake. Rudi kwa daktari wa ngozi, na vile vinundu usivitumbue.

Mdau, Bukoba

Na ukiacha, zinarudi?

Mleta mada

Kwangu zilirudi. Nilipoona uso umekuwa msafi nikaacha kabisa, mwezi wa tatu kidevu kikaanza tena. Sasa napaka usiku mbili kwa wiki, mwaka wa tatu huu, tyubu moja inanikalisha muda mrefu.

Mdogo wangu ameanza jana. Nimemsomea michango yenu yote, ya Arusha ameniomba niirudie. Tulisimama naye mbele ya kioo cha bafuni, uso umekauka, losheni imeshapakwa, akakamua urefu wa kiungo kizima cha kidole. Sikumgombeza. Nilichota nikajipaka mimi, nikamwachia punje ya njegere. Akaitazama, akaniuliza, "Dada, hii tu?" Nikamwambia hii tu, na kesho hatupaki.