Faili si mali ya meza yako! Mnawatesa wananchi hapa Kisumu

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya umma hapa Kisumu. Ofisi siitaji, maana karo ya watoto wangu inatoka humo. Lakini hili lazima niliseme.

Jumanne asubuhi alikuja mama mmoja kutoka upande wa Awasi. Mjane. Anafuatilia malipo ya marehemu mumewe, na hiyo ilikuwa safari ya nne. Aliniangalia tu akasema, "Nyathina (mwanangu), kumbe bado?" Nikamwambia faili haipo kwenye rafu, kama nilivyomwambia mara zile tatu. Akakunja karatasi zake, akafunga kitambaa, akaenda kutafuta matatu.

Saa nane mchana nikapanda juu kutafuta faili nyingine kabisa. Ya mama nikaikuta kwa afisa mmoja, sakafuni, chini ya katoni ya karatasi, na juu ya katoni pana thamosi ya chai na rundo la magazeti. Daftari la mwendo wa faili halina hata mstari mmoja wa kuonyesha aliichukua. Aliingia masjala sisi tukiwa kwenye chakula cha mchana, akajichukulia, akaenda zake. Nilipomuuliza akaniambia, "Si umeiona? Chukua basi."

Chukua basi! Mama ameshafika Ahero saa hizo.

Kinachoniuma zaidi ni kilichotokea katikati. Faili ikikosekana na barua mpya zinaendelea kuingia, tunalazimika kufungua faili ya muda. Hapo ndipo balaa huanza. Ile ya asili imeishia folio 14, yaani karatasi ya 14, ya muda inaanza upya folio 1, na anayeamua jambo anaamua akiwa na nusu ya karatasi. Ndiyo maana mama aliandikiwa barua alete tena cheti cha kifo, nakala ya kitambulisho na barua ya chifu. Alete tena! Vyote vimo ndani ya ile faili iliyokaliwa na thamosi, nimevipa namba kwa kalamu nyekundu kwa mkono wangu mwenyewe. Chifu amesumbuliwa mara ya pili, mama amepoteza siku nzima za palizi, na kazi ambayo ingekwisha kwa sahihi moja imezaa barua tano. Halafu mtu ananiambia mimi napenda kulalamika kuhusu usafi wa meza. Huu si usafi. Hii ni kazi kutofanyika.

Na hapa kwetu mnajua joto. Ikifika saa sita kila chumba kimewasha feni. Karatasi isiyofungwa ndani ya jalada inaruka, inaangukia nyuma ya kabati, na huko inangoja mchwa. Mimi nimevuta kabati la chuma nikatoa barua ya miaka miwili, bado ina muhuri wa siku ilipopokelewa, haijawahi kujibiwa.

Tulipelekwa semina pia. Tukafundishwa zile hatua tano za Wajapani: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Ondoa usichohitaji, kila kitu kiwe na mahali pake, safisha, wekeni utaratibu mmoja kwa wote, mshikilie usilegee. Mafunzo mazuri, na mimi nayaheshimu. Chati ikabandikwa ukutani, na chini yake sasa hivi zimepangwa katoni hadi mlango haufunguki vizuri.

Mimi masjala nina trei tatu: zilizoingia, zinazofanyiwa kazi, zinazotoka. Mezani hufunguka faili moja tu kwa wakati. Faili ikitoka kwenye rafu, mahali pake naweka kadi yenye jina la aliyeichukua na tarehe. Ikiandikwa B.U. ("bring up", yaani iletwe tena tarehe fulani), tarehe hiyo naiingiza kwenye shajara siku ileile, si kesho. Na kabla ya saa kumi na moja, dakika kumi zangu ni za kurudisha kila kitu, hata kama mkubwa amesimama mlangoni. Haijanigharimu shilingi. Faili iliyo ndani ya masjala nakupatia kabla hujamaliza kuketi.

Msiniambie kompyuta zitatuokoa. Wale wale wanaolundika mezani ndio wanaopiga skani barua na kuzihifadhi kwa namba tupu, mamia yake kwenye skrini, hakuna folda, hakuna jina la mtu wala tarehe. Ukitafuta unafungua moja moja hadi macho yaume.

Kuna na sheria, ndugu zangu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatupa siku 21 za kuamua ombi lake. Siku hizo unazihesabu vipi wakati faili yenyewe iko sakafuni? Ile ya 2019 ya kulinda data nayo inataka habari za mtu zilindwe. Lakini kwa yule afisa kila mgeni anayeketi anasoma jina la marehemu, namba ya kitambulisho cha mjane na majina ya watoto wake. Nimeona kwa macho yangu.

Nimempigia mama simu nikamwambia faili imepatikana na asilete chochote tena. Nimeunganisha karatasi za faili zote mbili, nimezipanga kwa tarehe, nikazipa namba upya. Nimeipeleka juu mwenyewe na safari hii aliyeipokea ametia sahihi.

Sasa nauliza walio masjala Nakuru, Kakamega, Bungoma, popote mlipo: karani wa cheo cha chini anamdai vipi mkubwa wake faili bila kuambiwa hana adabu? Nimejaribu kuandika ukumbusho kila Ijumaa, haujibiwi. Nimeomba masjala ifungwe kwa ufunguo wakati wa chakula, nikaambiwa nafungia watu ofisi yao. Kwenu mnafanyaje?