Vesti ya joto ya kuzamia: nitengeneze hapa, nirudishe kiwandani, au nibadilishe kabisa?

Mzamiaji_Jinja
Habari za kazi, ndugu zangu. Nina vesti ya joto ya umeme, ile inayovaliwa chini ya suti ya kuzamia, na betri yake hukaa kwenye mkebe kiunoni. Ina miaka minne sasa. Wiki mbili zilizopita upande wa kulia uligoma kabisa, na betri iliyokuwa ikinipa zaidi ya saa mbili kwa moto wa juu inakata baada ya dakika 50.

Kwa asiyejua, maji yetu hapa Ziwa Victoria si ya barafu, huwa nyuzi 24 hadi 26. Lakini mimi nakagua na kushona nyavu za vizimba vya samaki. Nakaa mita 8 chini na mitungi miwili mgongoni, kwa muda wa saa moja na nusu asubuhi na muda kama huo mchana, karibu bila kusogea. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Zamu ya mchana ikifika katikati, vidole havishiki tena sindano ya nyavu. Nimeshawahi kuiangusha na kuitafuta topeni kwa kupapasa.

Nimewaza kumpa fundi wa hapa, kuirudisha ilikotengenezwa Ulaya, kununua vesti ya joto ya waendesha pikipiki kwa bei nafuu na kuifunga vizuri, au kuachana na umeme nivae suti nene. Waliopitia haya, nishaurini.

DadaWaZiwani (Entebbe)
Pole kaka. Mimi nilihamia suti nene ya mpira, milimita 7 na kofia yake, na kwa mita 8 inatosha vizuri. Haina waya, haina chaja, ukitoka unaisuuza na kuianika kivulini, basi. Ubaya wake ni uzito wa ziada kiunoni, na ukishuka zaidi inasinyaa. Kwenye mita 10 mgandamizo umeshakuwa karibu mara mbili ya ule wa juu, vile vipovu vya ndani ya mpira vinabanwa, na joto linapungua pale pale unapolihitaji.

Kitu kingine: usipunguze nguo kwa sababu eti una umeme. Ziwa letu lina kichocho. Suti inayofunika mikono na miguu naiona kinga kabla ya kuwa blanketi.

Fundi_Katwe
Ssebo, kabla ya kuchagua, pima kwanza. Chomoa betri, weka multimita (kile kipima umeme) kwenye omu, yaani ukinzani wa waya, pima upande wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake. Halafu tuambie betri ni ya volti ngapi na ampea-saa ngapi.

Mzamiaji_Jinja
Asante fundi. Kushoto omu 4. Kulia mita haisomi chochote, lakini nikikunja vesti begani inaruka kidogo kisha inapotea. Betri imeandikwa volti 11.1, ampea-saa 12.

Fundi_Katwe
Basi una magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni waya. Kule kuruka begani kunaonyesha umekatika karibu na hapo, na mara nyingi hukatika pale waya wa shaba unapokutana na uzi wa kaboni unaotoa joto. Hilo hata hapa Katwe, kwa mafundi wa Kampala, linatengenezeka. Ila mwambie fundi wako asijaribu kulehemu kaboni kwa risasi, haishiki. Unaingiza ncha zote mbili kwenye kibomba kidogo cha shaba na kukibana kwa koleo lake. Juu yake unavalisha ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto, wenye gundi ndani, halafu unapaka gundi ya neopreni, ule mpira wa suti za kuzamia. Usikubali silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki. Ile harufu ni asidi, na ndani ya miezi michache shaba yote inakuwa ya kijani.

La pili ni betri, na hapa fanya hesabu nami. Upande mmoja wa omu 4 kwa volti 11.1 unakula ampea 2.8 hivi. Pande zote mbili ni ampea 5.5, ndiyo maana betri mpya ilikupa zaidi ya saa mbili. Sasa upande mmoja umekufa, betri inabeba nusu ya mzigo. Ilipaswa kudumu zaidi ya saa nne. Inakata dakika ya 50, maana yake imetoa ampea-saa 2.3 tu. Betri yako imebaki na karibu moja ya tano ya nguvu zake. Ukitengeneza waya ukaiacha betri hiyo, pande zote zikiwaka utapata dakika 25.

Mzee_Masese
Vijana, hiyo njia ya vesti ya pikipiki naomba muiache. Nina alama mgongoni, upana wa kiganja.

Niliikuta kwenye mitumba ya soko la Owino, Kampala, nzuri, safi, ya volti 7.4. Nikaifunga kwenye betri yangu ya taa ya kuzamia, volti 11.1, nikidhani tofauti ni ndogo. Fundi atawaambia: joto halipandi sawa na volti, linapanda mara mbili na robo. Juu ya mtumbwi nilisikia raha. Chini, pale vesti ilipokunjana chini ya mkanda wa mitungi, moto ulijikusanya sehemu moja, na mpaka nilipofikia swichi ngozi ilikuwa imeshaungua. Suti imebana mwili, huwezi kuivua chini ya maji. Tena waya zake hazikutengenezwa kuloweshwa.

Kwa wanaovaa suti kavu, ile isiyoingiza maji, naongeza moja tu: betri isikae ndani ya suti. Ikae nje, mahali mkono unapofika uichomoe.

Kaka_wa_Mwanza
Shikamoo mzee, pole sana.

Mimi niliirudisha yangu kiwandani. Kazi ilikuwa safi, imeendelea miaka miwili bila tatizo. Lakini pigeni hesabu ya betri kabla ya kuianza safari hiyo. Volti 11.1 mara 12 ni wati-saa 133. Kwenye ndege, betri ya lithiamu ya ziada yenye zaidi ya wati-saa 100 mpaka 160 inahitaji kibali cha shirika la ndege, hubebwa mkononi, haiingii kwenye mzigo wa chini. Iliyoharibika haipokelewi kabisa. Nilichofanya ni kutuma vesti peke yake. Ilichukua wiki tisa kwenda na kurudi, na muda wote huo kazi yangu ililala.

Mzamiaji_Jinja
Wiki tisa siwezi. Mzee, pole na asante kwa kusema. Ya pikipiki nimeifuta.

Fundi, kuna kijana hapa mjini ananiambia atafungua betri na kuweka seli mpya zilizoandikwa miliampea-saa 9,900. Nimkubalie?

Fundi_Katwe
Hapana ssebo, tafadhali. Seli za ukubwa huo, zile za 18650, hata nzuri za kawaida huishia karibu 3,500. Aliyeandika 9,900 anauza karatasi. Nimezifungua nyingi, na wengine huweka hata seli zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani.

Ndani ya betri yako kuna makundi matatu ya seli yaliyofuatana. Kundi moja likichoka, saketi ya ulinzi inakata umeme hata kama mengine mawili yamejaa. Kwa hiyo si lazima seli zote ziwe zimekufa, lakini huchanganyi mpya na za zamani, unabadilisha zote. Na haziunganishwi kwa risasi, joto la chuma cha kulehemu linaua seli. Zinachomelewa vipande vya nikeli kwa mashine yake. Mimi nina uzoefu wa miaka na betri za pikipiki za umeme, ila betri ya mtu anayeshuka majini nasema wazi: nunua nzima kutoka kwa mtengenezaji wa vesti yako, au mzamiaji yeyote anayerudi na ndege akuletee kwa kibali. Waya tengeneza hapa.

Mzee_Masese
Naunga mkono. Sababu moja zaidi haizungumzwi sana. Mwaka 2007 kituo cha majaribio ya kuzamia cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, kule Panama City, Florida, kilitoa ripoti. Wapiga mbizi waliokuwa na joto chini kisha wakapata baridi wakati wa kupanda waliugua ugonjwa wa mgandamizo, ule wa vipovu vya naitrojeni mwilini, zaidi sana kuliko waliokaa baridi chini wakapata joto wakati wa kupanda. Mwili wenye joto unameza naitrojeni haraka, ukipoa unashindwa kuitoa. Sasa fikiria betri inayowaka vizuri chini na kufa unapoanza kupanda. Ni mpangilio mbaya kuliko yote.

Mita 8 hofu yake ni ndogo. Lakini wapo wanaosoma hapa wanaoshuka 30, na ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, majedwali ya muda wa kuzamia yaliyopangwa kwa usawa wa bahari hayatutoshi. Wao washuke bila kuwasha, au kwa moto wa chini, wauongeze wakipanda.

DadaWaZiwani (Entebbe)
Hili sikulijua. Asante mzee.

Mzamiaji_Jinja
Narudi na matokeo, imepita miezi miwili kasoro.

Waya umeshonwa Katwe, shilingi 60,000. Upande wa kulia sasa unasoma 4.1. Kabla ya kuuamini tuliulowesha kwenye beseni la maji yenye chumvi kidogo, ncha moja ya mita kwenye plagi ya vesti, nyingine majini. Mita haikusoma chochote, yaani umeme hauvuji. Betri mpya nimeletewa na mwenzangu aliyekuwa safarini.

Mkebe nao niliupima bila betri. Niliweka karatasi ya chooni kavu ndani, nikaufunga na mawe, nikaushusha kwa kamba mita 20 kwa nusu saa. Ulirudi na karatasi imelowa upande mmoja. Oringi, ile pete ya mpira inayoziba mkebe, ilikuwa na unywele mmoja, mmoja tu, umelala juu yake. Nikaifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nikapaka grisi ya silikoni nyembamba, nikashusha tena. Karatasi ikarudi kavu.

Betri naichaji mchana nikiwa karibu, mkebe ukiwa wazi, na kukiwa na mapumziko ya wiki naiacha nusu, kama volti 11.3. Vesti siikunji tena, natundika kwenye hanga pana. Suti nene ya dada nimeazima pia, naivaa siku za mvua juu ya vesti kwa moto wa chini. Jana zamu ya mchana nilifunga mafundo ya mwisho ya kizimba cha sita bila kuangusha sindano.