Chungwa kali ukumbini: kuta zote, ukuta mmoja, au chokaa?

Binti Malindi: Assalam alaikum. Tumehamia nyumba ya marehemu bibi, Mji Mkongwe. Kuta za mawe na chokaa, vidaka viwili ukumbini (vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo), boriti juu, dirisha moja kubwa linatazama magharibi. Nataka rangi ya chungwa, kali hasa. Nimekwama: kuta zote nne kwa rangi ya maji ya dukani, ukuta mmoja tu, au chokaa ya kutia rangi? Mume anasema paka nyeupe yaishe.

Yakhe wa Chake: Chungwa gani, dada? Yetu huku Pemba yanaiva na ganda lake kijani. Sema papai tukuelewe.

Fundi Rola: Waalaikum salaam. Tuanze na ukuta. Ukuta wa mawe unanyonya maji toka chini kisha unayatoa kwa kupumua. Ukiuziba kwa rangi ya plastiki, unyevu unakwama nyuma yake na chumvi inasukuma. Masika moja tu utaona malengelenge. Ukigusa yanabanduka kama ganda la yai. Nimezikwangua kuta hizo mpaka mkono ukafa ganzi. Kwako wewe rangi ya kopo naitoa kabisa, hata kwa ukuta mmoja.

Mwenye nyumba ya matofali ya saruji hiyo ni hadithi nyengine. Ukuta wa mita 4 kwa 3, koti mbili, kopo la lita 4 linatosha, maana lita moja inakwenda kama mita 10 za mraba. Ila chungwa haifuniki vizuri. Chini kukiwa na rangi nzito, tanguliza nyeupe.

Mama Wawili, Fuoni: Mie nilipaka zote nne, nyumba ya saruji. Asubuhi raha. Alasiri jua likiingia, kila aliyekaa kochini uso umepiga manjano, mama yangu alikuja akanishika paji la uso, "mwanangu, unaumwa?" Nimeacha ukuta mmoja, ule usiopigwa na jua, nikatundika pazia la buluu pembeni yake. Sasa kunakalika.

Binti Malindi: Pole shoga, nimecheka. Fundi, chokaa itatoka kali kweli?

Fundi Rola: Si kama ya kopo, nikudanganye nini. Ikiwa mbichi ni kali, ikikauka inapauka sana. Tumia rangi za unga za udongo, manjano na nyekundu. Chokaa inazila rangi nyingi, hizo haiziwezi, wala jua haliziondoi. Lowesha ukuta, paka nyepesi kama maziwa, koti tatu au nne. Kinga macho, chokaa haina mzaha. Na ya nje usiguse kabla hujauliza Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Yakhe wa Chake: Mie ningeacha kuta nyeupe, papai likae ndani ya vidaka tu, na sahani za bibi mbele yake. Mume naye apate nyeupe yake.

Binti Malindi: Nimerudi. Jana nimepaka kidaka kimoja. Kibichi kilikuwa chekundu cha kutisha, nikajuta. Leo asubuhi kimepauka, hata nikataka kuongeza unga. Saa kumi na moja jioni jua limeingia dirishani, kikawaka kama kaa. Mume kakaa anakitazama, kimya. Kisha kauliza cha pili napaka lini.