Mdogo wangu ana miaka 16 na mimba ya miezi mitano, kliniki hataki kwenda, nifanyeje?

dada_mtu
Habari zenu wadau, naomba mawazo maana usingizi umenikata kabisa. Mdogo wangu wa kike ana miaka 16 na juzi ndo nimejua ana mimba, na wala hakuniambia yeye, nilimkuta anafua, sweta limelowa limemshika tumboni, lile sweta alikuwa halivui hata jua liwake vipi na mimi kila siku najiuliza huyu mtoto ana baridi gani. Tumehesabu inakaribia miezi mitano. Kliniki hajakanyaga hata siku moja, anasema bora ajifungulie ndani. Mama analia, baba hamsemeshi, yaani kila mtu anaongelea aibu, mi kinachonitisha ni kingine, nasikia wasichana wadogo wanakufa kwenye uzazi. Ni kweli au tunatishwa tu? Na hatari yenyewe inatoka wapi?

mkunga_wa_zamu
Pole sana dadangu. Mimi ni mkunga, na hapana, hamtishwi. Duniani matatizo ya mimba na uzazi ni kati ya sababu kubwa zinazoua wasichana wa miaka 15 hadi 19. Shirika la Afya Duniani linasema wanaozaa kabla ya miaka 20 wanapata zaidi kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya mimba, na maambukizi ya baada ya kuzaa kuliko wenye 20 hadi 24, na watoto wao wako kwenye hatari zaidi ya kuzaliwa njiti au na uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5. Mwili unachangia ndio, kwa binti mdogo sana nyonga inakuwa bado haijakomaa, mtoto anakwama, uchungu unavuta siku nzima na zaidi, na akichelewa kupata upasuaji ndo fistula zinapotokea, yaani tundu ukeni linalovujisha mkojo au kinyesi. Ila wengi wa umri wa mdogo wako wanajifungua kawaida wakihudumiwa vizuri, hilo usilale ukiliwazia.

Ninachokiona mimi wodini ni hiki, aliyekuja mapema na aliyejificha hawafanani hata kama wamezaliwa mwaka mmoja. Presha haiumi. Binti anaweza kuwa nayo 140/90 au zaidi anatembea anacheka, utaijua kwa kupima tu, mkanda mkononi na kikopo cha mkojo kuangalia protini, basi. Akipata kichwa kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli, uso na mikono kuvimba, au maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, usisubiri kukuche, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, ipo sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege lakini haiwezi kumfuata nyumbani. Na hata akishajifungua endeleeni kumwangalia, kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya mtoto kutoka.

Mahudhurio yanayoshauriwa ni 8 na la kwanza kabla ya wiki 12, kwa hiyo amechelewa lakini hajakosa. Watampima damu, VVU, kaswende, watampa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi. Halafu dada, ukiwa naye peke yenu muulize taratibu kama alilazimishwa. Usimuulize mbele ya baba.

mama_wa_wawili
Nimesoma nimelia. Mimi nilibeba nikiwa na 17. Siku ya kwanza kliniki nesi aliniuliza kwa sauti mbele ya benchi zima mume wako yuko wapi, wanawake wote wakageuka, nikaangalia miguu yangu mpaka nikaitwa, nikatoka pale sikurudi mpaka mimba ina miezi minane. Kurudi damu imeshuka vibaya, mtoto akaja kabla ya wakati ana kilo 1.9, nikakaa naye kifuani ngozi kwa ngozi wiki kadhaa mpaka akaongezeka. Mzima sasa hivi, anasoma. Ila nikikumbuka naona ningekuwa na mtu wa kukaa nami kwenye lile benchi nisingeacha. Usimtume dadangu, nenda naye, kaa ubavuni kwake, wakiuliza swali la kumdhalilisha jibu wewe.

Na baada ya kujifungua msimwache bila uzazi wa mpango, mimi wa pili alikuja wa kwanza hajafunga mwaka na mwili ulikuwa haujarudi kabisa.

mzazi_pia
Nawaelewa dada zangu, ila nina mabinti wawili na naogopa, tukiwabembeleza hivi wengine si wataona ni kawaida?

mkunga_wa_zamu
Kaka hofu yako ya mzazi naielewa. Lakini mimba ya huyu binti ipo tayari, ukali wa leo hauitoi, unamwondoa yeye tu kliniki. Mabinti zako ongea nao sasa hivi kabla hakijatokea kitu, waambie mimba inaingiaje na inazuiwaje, wajue na kwamba mtu mzima akiwagusa waje kwako bila kuogopa kipigo. Kama wewe ndo wa kuogopwa zaidi, watakwenda kwa nani?

Na mama wa wawili ameongea la msingi. Baada ya kuzaa ni vizuri ipite miaka 2 ndo abebe tena, na kwa uzazi wa mpango, kijiti cha mkononi au kitanzi cha kwenye kizazi ni salama hata kwa msichana wa umri huo, si kweli kwamba vinaharibu kizazi.

dada_mtu
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimekaa naye jana usiku taa imezimwa, nimemuuliza kama ulivyosema mkunga, kalia sana halafu kaongea, hayo nitashughulika nayo na siyaandiki hapa. Ila kaniambia kichwa kinamuuma wiki nzima alikuwa anaogopa kusema. Nimewasha taa nikamwangalia uso nikaona kope zimevimba. Tuko foleni hospitali sasa hivi, wamempima presha ni 150/100, wamemwingiza ndani kabla ya zamu yake.

mkunga_wa_zamu
Kaa hapohapo usiondoke. Waambie hicho kichwa kimeanza lini na uso umevimba, usiache kitu. Tupe habari.